Maswali ya Wasomaji: Nini Kinampandisha Mwanafunzi, na Nini Kinamvunja Moyo?

Baada ya makala ya toleo lililopita kuhusu matokeo ya mitihani ya taifa, tulipokea barua nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zilizunguka swali lile lile: kwa nini mtoto huyu anafaulu na yule anayeketi naye dawati moja hafaulu, na kwa nini mwingine anafaulu huku moyo wake ukiwa umesinyaa. Watafiti wamelihangaikia swali hili kwa zaidi ya nusu karne, na baadhi ya kazi bora kabisa zimefanyika katika madarasa ya Kenya, Uganda na Tanzania, ingawa walimu na wazazi wa madarasa hayo ni nadra kuletewa majibu. Nimechagua barua tano. Majina ya walioandika tumeyaacha kwa makusudi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi ya umma. Nina wanafunzi 74. Wachache wanasoma vizuri, wengi wanababaika, na wapo wasiozitambua herufi zote. Wazazi wamekubali kuchanga fedha kidogo, lakini hawapatani: wengine wanataka vitabu, wengine wanataka mitihani ya majaribio kila mwezi, na wapo wanaosema kwamba mtoto wa maskini hafui dafu hata afanyiwe nini. Utafiti unasemaje?
*Mwalimu, Kakamega*

JIBU: Mwalimu, nianze na hao wa mwisho, kwa sababu hoja yao ina asili ya kitaalamu hata kama wenyewe hawaijui. Mwaka 1966 mwanasosiolojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti nchini Marekani iliyohusu wanafunzi zaidi ya 600,000 katika shule zipatazo 4,000. Wengi walitarajia ripoti hiyo ithibitishe kwamba watoto weusi wanabaki nyuma kwa kuwa shule zao zinanyimwa vifaa. Ilichokuta ni kwamba tofauti za majengo, maktaba na fedha zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za alama, ilhali hali ya familia na aina ya wanafunzi waliomzunguka mtoto zilieleza sehemu kubwa zaidi. Tangu hapo imani kwamba nyumbani ndiko kunakoamua kila kitu imesambaa duniani, na sasa imefika kwenye kikao chenu cha wazazi.

Hata hivyo, Marekani ya mwaka 1966 si Kakamega. Stephen Heyneman, aliyezichunguza shule za msingi za Uganda katika miaka ya 1970, hakuiona picha hiyo: kule, hali ya kiuchumi ya familia ilihusiana kidogo mno na alama za mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29 na kuonyesha kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na wa mwalimu ulivyokuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko hali ya nyumbani. Sababu yake haishangazi. Mahali ambapo nyumba nyingi hazina hata kitabu kimoja cha hadithi, shule ndiyo mlango pekee wa kuingilia kwenye maandishi, na mwalimu akikosekana hakuna mwingine wa kuziba pengo. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba tofauti hiyo kati ya nchi maskini na tajiri ilipungua kadiri elimu ilivyoenea, kwa hiyo sisemi kwamba umaskini haumuumizi mtoto, unamuumiza. Ninachokataa ni kauli kwamba hafui dafu hata afanyiwe nini. Hiyo haina ushahidi, na haifai kusemwa mbele ya watoto.

Sasa vitabu. Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wenu wanisikilize kwa makini, kwa kuwa majaribio yenyewe yalifanyika karibu na kwenu. Mwaka 2004 Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichapisha utafiti kuhusu chati kubwa za ukutani katika shule 178 za Magharibi mwa Kenya. Walipolinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, wanafunzi wenye chati walionekana kuwa mbele sana. Walipochukua shule za aina moja, nusu wakazipa chati kwa kura na nusu nyingine wakaziacha, tofauti hiyo haikuonekana tena. Maana yake ni kwamba shule zilizokuwa tayari zimejinunulia chati zilikuwa na mambo mengine mazuri pia, kama vile mkuu wa shule mwenye bidii na wazazi wenye kufuatilia, na chati zilikuwa zinapewa sifa isiyo yake.

Kwa vitabu vya kiada, jaribio lao la Busia na Teso, lililochapishwa mwaka 2009, lilionyesha kwamba wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa juu tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na mwanafunzi wa kawaida hakuweza kuvisoma. Hebu fikiria wanafunzi wako 74: ukigawa leo vitabu vya darasa la nne, ni wangapi watakaosoma ukurasa wa kwanza mpaka mwisho na kuuelewa? Tanzania nayo ilipata jibu linalofanana kupitia KiuFunza, jaribio lililofanywa katika shule 350 za wilaya kumi na kuchapishwa mwaka 2019. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha badiliko la maana katika alama. Badiliko kubwa na la wazi lilitokea pale ruzuku ilipoambatana na malipo ya ziada kwa walimu kwa kila mtoto aliyeweza kusoma na kuhesabu. Fedha peke yake haikutosha. Ilihitaji sababu ya kutumiwa vizuri.

Kilichosaidia, tena kwa uwazi, ni kumfundisha mtoto pale alipo. Katika utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer uliochapishwa mwaka 2011, shule 121 za Magharibi mwa Kenya ziliongezewa mwalimu wa mkataba ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika baadhi ya shule mgawanyo ulifuata kiwango cha mtoto, na katika nyingine ulifuata bahati. Pale palipofuatwa kiwango, watoto wa juu na wa chini wote walipanda zaidi kuliko wenzao. Wengi tungeogopa kwamba kundi la chini litatelekezwa, lakini mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kimoja alilazimika kuwafundisha wao, badala ya kuwafundisha watatu wa mbele.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hamjachangisha hata shilingi, mpime kila mtoto peke yake. Tumia utaratibu ambao wajitolea wa Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto Afrika Mashariki, walianza kupita nao nyumba kwa nyumba mwaka 2009: mtoto anaonyeshwa herufi, akiweza anapewa maneno, akiweza anapewa aya fupi, akiweza anapewa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na pale anapokwama ndipo unapoandika jina lake. Ni kazi ya dakika chache kwa mtoto mmoja. Kisha ukubaliane na walimu wa darasa la tatu na la tano mtenge saa moja kila siku ambapo watoto wa madarasa yote matatu watakaa kwa kufuata kile wanachoweza kusoma. Fedha za wazazi zimlipe kijana mmoja aliyemaliza sekondari akae na kundi la wasiojua herufi, na zinazobaki zinunue hadithi fupi za Kiswahili. Mitihani ya majaribio ya kila mwezi itakuonyesha tena na tena nani hajui kusoma, na hilo unalijua tayari.

SWALI: Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Nimewahoji wanafunzi 240 wa kidato cha tatu na nimepata uhusiano wa 0.32 kati ya kujiamini kwao katika hisabati na alama zao. Nimeandika kwamba "kujiamini kunaongeza ufaulu", na msimamizi wangu ameikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Je, si ndivyo wanavyosema wataalamu wote tangu Bandura?
*Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma*

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi, na ningekushauri umshukuru. Mwanasaikolojia Albert Bandura, alipoieleza mwaka 1977 imani ya mtu kwamba anaweza kulitenda jambo fulani, alisema pia kwamba chanzo kikuu cha imani hiyo ni mafanikio ambayo mtu ameshayapata. Yaani alama nzuri za mwaka jana zinaleta kujiamini kwa mwaka huu. Takwimu zako, zilizokusanywa siku moja, haziwezi kutenganisha kujiamini kunakoleta alama na alama zinazoleta kujiamini.

Tazama pia ukubwa wake, kwenye kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda pamoja kikamilifu. Uhusiano wa 0.32 ukizidishwa kwa wenyewe unapata takribani 0.10, yaani kujiamini kunaambatana na asilimia kumi hivi ya tofauti za alama kati ya wanafunzi wako. Si kidogo katika sayansi ya tabia, lakini asilimia tisini iko kwingine, na sehemu ya hiyo kumi inaweza kuwa ni elimu ya mama, au mwalimu mzuri wa hisabati aliyewapa wanafunzi wale wale kujiamini na alama kwa pamoja.

Historia ya taaluma hii imejaa sifa zilizotolewa haraka. Walter Mischel, katika majaribio yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Stanford, aliwawekea watoto wadogo kitu kitamu na kuwaahidi cha pili wakisubiri. Miaka mingi baadaye, waliosubiri kwa muda mrefu walionekana kufanya vizuri zaidi shuleni, na wazazi wa dunia nzima wakaanza kuwapima watoto wao uvumilivu. Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walipolirudia swali hilo mwaka 2018 kwa watoto wapatao 900 wenye asili tofauti zaidi, uhusiano ulikuwa nusu ya ule wa awali, na walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali, theluthi mbili za ile nusu nazo ziliondoka. Ustahimilivu uliotangazwa na Angela Duckworth ulipata hali kama hiyo mwaka 2017, pale Marcus Credé na wenzake walipokusanya data za watu karibu 67,000: ulihusiana na ufaulu kwa kiasi kidogo tu, na kwa sehemu kubwa ulikuwa ni ile tabia ya uangalifu na bidii ambayo wanasaikolojia walikuwa wakiipima siku zote kwa jina jingine.

Ushauri wangu ni huu. Nenda ofisi ya taaluma ya shule hizo uombe alama zao za kidato cha pili, uziingize katika uchambuzi wako, na uone kama kujiamini bado kunaeleza chochote baada ya alama za awali kuhesabiwa. Kama muda unaruhusu, wahoji tena mwishoni mwa muhula. Na sentensi yako iandike hivi: wanafunzi waliojiamini zaidi walikuwa pia na alama za juu zaidi. Ukiisoma utaona haina mvuto wa ile ya kwanza, lakini hakuna mtahini atakayeweza kuikata.

SWALI: Kijana mmoja anapita kwenye shule za binafsi akiuza kipimo cha alama za vidole kinachodaiwa kutabiri mtoto atafaulu masomo gani na atafaa kazi gani. Bei yake ni kubwa. Nimlipe?
*Mzazi, Nairobi*

JIBU: Usimlipe. Michirizi ya vidole hujengeka kabla mtoto hajazaliwa, na hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba inaeleza akili, kipaji wala kazi. Hata vipimo halisi vina mipaka. Nchini Uingereza, Ian Deary na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 70,000 na mwaka 2007 wakatangaza uhusiano wa 0.81 kati ya vipimo vya akili wakiwa na miaka 11 na matokeo ya mtihani wakiwa na miaka 16. Huo ni uhusiano mkubwa sana katika fani hii, na bado karibu theluthi moja ya tofauti za matokeo ilibaki haijaelezwa, na katika hiyo wamo watoto wengi ambao mtu angewakosea kama angewaamulia maisha wakiwa na miaka 11. Kinachonisumbua zaidi kuliko fedha zako ni karatasi ambayo mtoto atarudi nayo nyumbani imeandikwa kwamba hana kipaji cha hesabu. Ataisoma, na mwalimu wake pia ataisoma.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu alikuwa wa kwanza katika shule yetu ya kijijini tangu darasa la tatu mpaka la saba. Alichaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, ukoo mzima ukafurahi. Muhula wa kwanza amerudi akiwa wa 58 kati ya 80. Amenyamaza, hasomi tena likizo, anasema "mama, kumbe mimi ni mjinga". Kaka yangu anataka tumrudishe shule ya kata. Je, tulikosea kumpeleka?
*Mama wa watoto watatu, Mbeya*

JIBU: Marahaba, mama. Hamkukosea, na mwanao si mjinga. Yaliyompata yanajulikana vizuri mno, na laiti shule zingewaeleza wazazi siku ile ile ya kupokea wanafunzi.

Mwaka 1984 Herbert Marsh na John Parker, wakifanya kazi Australia, walieleza kwamba mwanafunzi mwenye uwezo ule ule hujiona wa chini zaidi akiwa miongoni mwa wenye uwezo mkubwa, na wa juu zaidi akiwa miongoni mwa wenye uwezo wa kawaida. Waliliita jambo hilo kwa mfano wa samaki mkubwa katika kidimbwi kidogo. Mwaka 2003 Marsh na Kit-Tai Hau walilipima katika nchi 26, kwa wanafunzi wapatao 100,000 wa miaka 15, na wakalikuta karibu kila mahali. Mtoto hajipimi kwa kile anachojua; anajipima kwa aliyeketi kulia kwake. Huyo aliyeketi kulia kwake sasa naye alikuwa wa kwanza katika shule yake, na wa kushoto kadhalika. Katika darasa la namna hiyo, ni lazima mmoja aliyekuwa wa kwanza awe wa 80.

Kitu cha kwanza, basi, ni kuacha kuitazama namba 58. Mwombe akuonyeshe karatasi zenyewe za mitihani, si ripoti. Kaa naye, hata kama masomo hayo hukuyasoma wewe, na umwache akueleze swali moja moja alilokosa: hili nililijua lakini sikulielewa swali, hili hatukuwa tumefundishwa, hili nilikosa muda. Nina hakika mtakuta mengi ya aina ya kwanza. Mwanao alisoma kwa Kiswahili miaka saba, na sasa biolojia, fizikia na jiografia zote zimegeuka kuwa Kiingereza kwa mpigo mmoja. Clive Criper na William Dodd, waliofanya tathmini mwaka 1984, walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari za Tanzania hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Martha Qorro, wameendelea kulisema hilo kwa miaka mingi. Wenzake waliotoka shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza wamemtangulia kwa lugha, na kwenye ripoti tofauti hiyo ya lugha inasomeka kama tofauti ya akili. Nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nimewaona watoto hodari wakiamini kosa hilo maisha yao yote.

Kuhusu kumhamisha, nitakueleza ninachokijua kisha uamuzi ni wenu. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliwatazama wanafunzi wa Kenya waliokuwa juu kidogo ya alama za kuingilia shule za kitaifa na waliokuwa chini kidogo, yaani watoto wa uwezo ule ule waliotenganishwa na alama chache tu. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014, walioingia shule za kitaifa walisoma na wenzao wenye alama za juu zaidi na katika mazingira bora zaidi, lakini mtihani wa mwisho wa sekondari haukuonyesha kwamba shule hizo ziliwaongezea kitu kikubwa. Utafiti huo ni wa Kenya, nao unahusu watoto walio karibu na mpaka wa kuchaguliwa, kwa hiyo sisemi kwamba shule ya mwanao haina faida. Nasema kwamba kama mwisho wa yote atalazimika kutoka, hatakuwa amepoteza maisha, na ni vyema ukoo usimfanye aamini hivyo.

Mimi ningempa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba moyo wake unasimama. Mweleze kwamba akili hujengwa kwa kujifunza. Maneno hayo si dawa ya kila kitu: katika utafiti wa David Yeager na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2019 na kuwahusu wanafunzi wapatao 12,000, somo la chini ya saa moja lenye ujumbe huo liliwapandisha wanafunzi wa alama za chini kwa kiasi kidogo tu, hasa pale wanafunzi wenzao walipokuwa hawaoni aibu kujaribu mambo magumu. Lakini kidogo si sifuri, nawe utalirudia zaidi ya mara moja. Omba pia kuzungumza na mwalimu wa unasihi wa shule kabla muhula haujafunguliwa. Na kama ukimya huo utaendelea wiki mbili mfululizo, huku hapati usingizi, hataki kula wala hacheki na wadogo zake, au akisema hata mara moja kwamba afadhali asingekuwepo, hapo usisubiri muhula wala matokeo. Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa umweleze daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi.

SWALI: Katika shule ya sekondari anakosoma binti yangu, matokeo ya kila mwezi hubandikwa ukutani kwa mpangilio wa nafasi, na aliyeshuka nafasi hupigwa viboko mbele ya gwaride. Binti yangu si mbaya darasani, lakini asubuhi ya mtihani anatapika. Nilipouliza, niliambiwa kwamba bila hivyo watoto hawasomi. Nina haki ya kulalamika?
*Baba, Tanga*

JIBU: Unayo, baba, na nitaanza na sheria kwa kuwa ni fupi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 nchini Tanzania zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari maalumu. Kushuka kutoka nafasi ya 12 hadi ya 19 si kosa la nidhamu. Mimi binafsi ningependa viboko viondoke kabisa shuleni, lakini hata kwa kanuni zilizopo, unachokieleza hakiruhusiwi.

Kuhusu kutapika, hiyo ni sura ya mwili ya wasiwasi wa mtihani. Ray Hembree, alipokusanya tafiti 562 mwaka 1988, alionyesha kwamba wasiwasi huo unakwenda pamoja na alama za chini, na kwamba wanafunzi waliosaidiwa kuupunguza waliboresha pia alama zao. Utaratibu wake unaeleweka: akili inayohesabu adhabu itakayofuata haina nafasi ya kutosha ya kuhesabu swali lililopo. Kwa hiyo shule inayoamini kwamba hofu inapandisha alama inaweza kuwa inazishusha, hasa kwa watoto kama wako wanaojali sana.

Hata hivyo, sitaki uende shuleni na hoja isiyo na msingi kwamba viboko vikikoma alama zitapanda kesho yake. Nchini Uganda, Karen Devries na wenzake waliupima mpango wa shirika la Raising Voices katika shule 42 za msingi za wilaya ya Luwero, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba katika shule zilizopata mpango huo asilimia 31 ya watoto walikuwa wamepigwa na watumishi wa shule katika wiki iliyotangulia, ilhali katika shule nyingine ilikuwa asilimia 49. Ukatili ulipungua sana, lakini alama za majaribio hazikupanda katika kipindi hicho. Wapo wanaolitumia hilo kusema kwamba kazi ile haikufaa. Mimi naliona kinyume: walimu waliweka fimbo chini na alama hazikuanguka. Anayedai kwamba bila viboko watoto hawasomi ndiye anayedaiwa ushahidi, na wa Luwero uko dhidi yake. Tena mtoto ana haki ya kutopigwa kwa ajili ya namba, hata kama haki hiyo haileti alama moja ya ziada.

Kama shule itauliza ifanye nini badala yake, ipo njia iliyojaribiwa Kenya. Tom Osborn na wenzake waliwakusanya wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi, wakawapa vikao vinne vya saa moja, kimoja kwa wiki, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule hivi karibuni. Walizungumzia uwezo wa mtu kukua, shukrani, na yale wanayoyathamini maishani. Wanafunzi wengine walipewa vikao vya idadi hiyo hiyo kuhusu mbinu za kusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba dalili zilipungua zaidi katika kundi la kwanza, na tofauti ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Hakuhitajika daktari wala jengo jipya. Darasa moja baada ya vipindi linatosha.

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule, uombe mambo matatu tu: viboko kwa sababu ya nafasi visitishwe, kila mwanafunzi apewe matokeo yake mkononi badala ya kubandikwa ukutani, na binti yako aruhusiwe kuonana na mwalimu wa unasihi kabla ya mtihani ujao. Tafuta wazazi wengine wawili au watatu watie saini pamoja nawe, ili mtoto wako asitambuliwe kuwa ndiye aliyeshtaki. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Majibu yasipopatikana ndani ya wiki mbili, nakala hiyo ipeleke kwa bodi ya shule, na kutoka hapo kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri yenu.